Barua Iliyobaki Ndani ya Mashine ya Timau

Kwenye shamba la ngano ninakofanya kazi kule Timau, stoo ya nyuma ilikuwa na kabati la chuma lililonizidi kimo, lenye safu ya swichi ndogo kifuani. Wafanyakazi wote walikubaliana kuwa ni friji iliyokufa. Mpishi wa kantini aliwahi hata kuliomba.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta pale. Siku nilipofungua mlango wake wa nyuma nikakuta nyaya, kadi za umeme na kiota cha panya, nikajua ni kompyuta ya zamani, ya ule ukoo ulioitwa mdogo kwa sababu tu haukujaza chumba kizima. Ofisi ilitaka kuiuza kama chuma chakavu. Niliomba wiki mbili, nikampigia simu mama mmoja wa Githongo aliyeiendesha kabla ya kustaafu na kurudi kwenye shamba lake la kahawa.

Alifika amevaa sweta mbili. Aliipapasa mashine kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la uso.

"Kadi ya umeme imeungua," akasema. "Lakini iko ndugu yake mkubwa Nkubu, kwa shule moja. Hawa ni wa ukoo mmoja, mwanangu. Programu ya huyu, yule anaielewa. Na kadi hii wanaazimana."

Huko Nkubu, ndugu mkubwa alikuwa akitunza chaki na kanzu za kwaya. Mwalimu mkuu alikataa kumtoa mpaka tulipompelekea kabati la kweli. Tukachomoa kadi yake, tukaifunga kwenye mashine yetu.

Siku ya kuwasha, mwenyekiti wa bodi alikuja kushuhudia. Huyu mzee ndiye aliyekuwa meneja wa shamba enzi za mashine hiyo. Tulimpa kiti cha mbele. Mama akatueleza kwamba kumbukumbu ya mashine ni vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, na havisahau hata umeme ukikatika.

"Ilizimika ikiwa kazini," akasema. "Tukiiwasha, itaendelea pale pale."

Sikuamini. Laptop yangu husahau nilichoandika asubuhi.

Alipandisha swichi na kuzishusha, akihesabu kwa Kimeru chini ya pumzi. Taa zikawaka. Mashine ya kuchapa iliyokuwa pembeni ikaanza kugonga kama mvua ya mawe juu ya mabati. Karatasi ilipotokeza, nikaisoma kwa sauti, kwa ujinga wangu:

"...NA MENEJA AKISEMA ANAPIMA MVUA, YUKO OFISINI AMELALA. KOTI AMELITUNDIKA DIRISHANI TUSIMWONE."

Mama alirukia swichi ya kuzima. Akaigusa, kisha akauondoa mkono.

"Mzee, hiyo ni mashine inasema," akasema.

"Mashine haiwezi kuwa na uchungu hivyo, Mama."

Mashine ikaendelea kugonga: barua nzima ya malalamiko kwa makao makuu, kuhusu likizo ambayo Mama alinyimwa wakati mzazi wake alipokuwa mgonjwa. Hapo hakuna aliyecheka.

"Sikuwahi kuituma," mama akasema polepole. "Umeme ulikatika nikiichapa, nikaona ni Mungu amenizuia."

Mzee alikohoa. "Haikuwa Mungu. Niliagiza jenereta izimwe. Hizo kelele za kuchapa zilikuwa zinaniamsha."

Mama alicheka mpaka akakaa chini, sweta zikipanda na kushuka. Mzee naye akaangua kicheko, kisha akaniomba kalamu. Aliandika "Nimepokea" chini ya karatasi, akatia sahihi, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili.

"Ile likizo," akasema, "nilikosea, Mama. Pole."

"Asante, Mzee," akajibu, akaikunja barua na kuitia mkobani.

Bodi iliamua mashine isiuzwe. Sasa iko mapokezini, na wageni bado huuliza kama soda zilizomo ni baridi.