Maji ya Mbelwa

Kila Jumatano tulikuwa na darasa la ubatizo. Asubuhi Vugiri hufunikwa na ukungu, na mwinjilisti wetu alikuwa na desturi ya kungoja mpaka uondoke ndipo aanze, kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu na darasa lilikuwa na dirisha moja tu. Watu walikuja na majembe yao, wakayaegemeza ukutani nje, wakaingia. Mimi nilikuwa nimekwisha kubatizwa mwaka uliotangulia na kupewa jina la Zakaria, lakini niliitwa kila Jumatano nikae mbele ili wengine wanisikie. Nilijua maswali yote na majibu yake. Hata ungeniamsha usingizini ningekujibu.

Siku ninayoikumbuka mwinjilisti aliuliza neema ni nini. Nikasimama, nikajibu bila kuvuta pumzi kwamba neema ni kipawa cha Mungu kwa mtu asiyestahili, kipawa kisichonunuliwa wala kufanyiwa kazi. Mwinjilisti akaniitikia kwa kichwa. Nikakaa, nimejaa sifa.

Nyuma, karibu na mlango, alikaa Mbelwa, mume wa dada yangu. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu darasani. Wenzake aliowakuta na hata waliomkuta walikuwa wamekwisha kubatizwa. Yeye alizuiwa kwa jambo moja: alikuwa na wake wawili. Aliambiwa amwache yule wa pili, Mama Shemweta, ndipo apewe maji, na kila mwaka alitoa jibu lilelile. Amfukuze aende wapi, na mtoto mgongoni?

Siku hiyo aliinua mkono.

"Mwalimu, kama ni ya asiyestahili, mimi mbona bado nangoja?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mwinjilisti alisema hiyo ni sheria ya misheni, hakuitunga yeye, kisha akaenda kwenye swali linalofuata.

Niseme na langu, maana nikilificha hapa kuandika kote hakuna faida. Nilitaka Mama Shemweta aondoke. Nilijiambia nampigania dada yangu. Dada mwenyewe hakuniomba. Yeye na mke mwenzake walilima shamba moja la maharage, na mmoja akiugua mwingine alinyonyesha watoto wote wawili. Lakini mimi nilikuwa kijana, nimesoma, na kitabu kilikuwa upande wangu.

Vita tulikuwa tukivisikia kwa mbali, kama habari za watu wengine. Ndugu zetu kadhaa walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, na barua haziji kutoka kwa watu wasiojua kuandika. Kisha Mwingereza akaanza kuteremka na njia ya reli, Mjerumani akawa anarudi nyuma, na anayerudi nyuma anahitaji wapagazi wengi zaidi. Askari walipanda Vugiri tukiwa shambani tunang'oa maharage. Jumbe wa kijiji aliwatangulia, akituonyesha kwa fimbo, huyu na huyu. Alinionyesha mimi. Alimwonyesha Mbelwa. Dada yangu alisimama na mashina ya maharage mikononi, hakulia. Alimwambia mumewe maneno machache tu: amwangalie mdogo wake, yaani mimi.

Tulifungwa kamba kiunoni mpaka Korogwe. Tulilazwa Ngombezi, kwenye makambi ya vibarua wa mkonge, watu ishirini chumba cha watu wanne. Huko ndiko funza walikonila. Tulipoanza kuvuka mto kuelekea Handeni, kisigino changu cha kushoto kilikuwa kimevimba na kutoa usaha, na juu ya kichwa changu kulikuwa na sanduku la risasi.

Askari walikuwa na amri moja kwa mpagazi anayeweka mzigo chini. Kwanza kiboko. Akishindwa kuinuka, anaachwa, na wengine walioachwa walipigwa risasi ili Mwingereza asiwapate na kuwauliza maswali. Niliona mmoja. Alikuwa mtu wa Kerenge, mkulima, alikuwa akituambia habari za ndizi zake.

Siku ya pili nilianza kuyumba.

Mbelwa alikuwa nyuma yangu. Alinifikia, akasema, "Nipe."

Nikamwambia hawezi, ana lake.  Alichukua sanduku langu, akaliweka juu ya lake, akalifunga kwa ile kamba tuliyofungiwa sisi. Askari wa ulinzi alitazama, akaona masanduku yanakwenda, akageuza uso. Kwake ilikuwa ni hesabu ya masanduku tu. Tukatembea hivyo siku hiyo nzima na asubuhi yake, mimi nikichechemea mikono mitupu, yeye shingo imezama mabegani. Tulipopumzika nilimwuliza kwa nini anajiua.

"Nikikuacha hapa, dada yako nitamwambia nini?"

 Sikumshukuru. Niliona ni haki yangu, kwa kuwa alikuwa shemeji yangu na alikuwa amemkosea dada yangu. Ndivyo nilivyofikiri, na miguu yangu inatembea kwa sababu ya shingo yake.

Asubuhi ya siku ya tatu bunduki zililia nyuma yetu.

Watu walitupa mizigo, wakaingia porini.

Mimi nilikimbia kwa mguu mmoja. Nilikuwa mwepesi. Sikuwa na kitu.

Yeye masanduku yake mawili yalikuwa yamefungwa pamoja, na ncha za kamba alikuwa amejifunga makwapani. Alihangaika kufungua kamba.

Risasi ilimpiga tumboni.

Sijui ilitoka upande gani. Watu huniuliza, ilikuwa ya Mjerumani au ya Mwingereza, kama kwamba jibu lingenisaidia. Wote wawili walisali kwa jina lile nililofundishwa mimi, na wote wawili walitumia migongo yetu. Nakasirika ninapoandika haya, na sitaki mtu aniombee hasira hii iondoke.

Bunduki zilipohamia mbele, nilitambaa nikarudi. Nilimburuta mpaka chini ya mgunga uliokuwa na kivuli chembamba. Kibuyu chake cha maji kilikuwa bado kiunoni, kimebaki nusu. Alikuwa akikibania tangu Korogwe, akinywa funda moja kwa wakati, akinicheka mimi niliyemaliza changu mapema.

"Maji yapo?" aliuliza.

"Yapo. Kunywa, shemeji."

"Sitaki kunywa. Nimwagie kichwani. Useme yale maneno."

Tulikuwa tumefundishwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakumbusha wengine, kwamba mtu akiwa anakufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Maji kidogo na maneno machache yanatosha. Nilijua hivyo pale, chini ya ule mgunga, kama ninavyojua sasa. Na kinywa changu kikauliza swali.

"Utamwacha Mama Shemweta?"

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko kidogo kilichomwumiza.

"Zakaria, nakufa. Nawaacha wote wawili."

Nikamwambia sina ruhusa. Nikamwambia mbele kwenye msafara kuna mwalimu wa misheni nyingine, avumilie, nitamtafuta. Sikuinuka kumtafuta. Yeye hakubishana. Aligeuza uso upande wa pili, na jua lilikuwa halijafika utosini alipokufa.

Nilikaa naye. Kiu ikaja. Nikafungua kile kibuyu, nikayanywa maji yote.

Baadaye alitokea mzee mmoja Mzigua, Mwislamu, na jembe begani. Askari walikuwa wamepita kwake wakachukua mahindi na mbuzi, nami nilikuwa mmoja wa msafara uliobeba mahindi hayo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia. Aliuliza maiti huyu ni wa dini gani, apate kujua amlaze vipi. Nilishindwa kumjibu. Mtu wa miaka mitatu darasani, na mimi, bingwa wa majibu, nilishindwa. Mzee alingoja, kisha akaanza kuchimba. Alimlaza kwa ubavu wa kuume kama wanavyolazwa wao, akamwombea dua, akanipa kiazi cha kuchoma, akaondoka. Hakuniuliza jina.

Ilinichukua majuma mengi kufika nyumbani, nikijificha mchana kwa sababu sasa Mwingereza naye alitaka wapagazi. Nilipoingia uani, dada yangu na Mama Shemweta walikuwa wamekaa pamoja. Walitazama nyuma yangu, kama kuna mwingine anayekuja. Walipolia wakatosheka, Mama Shemweta aliuliza jambo moja tu. Je, alipata maji?

Nikasema alipata. Nilisema nilimbatiza mimi mwenyewe, na jina nilimpa Petro. Uongo ulitoka laini kama jibu la katekisimu.

Wajane wale wawili walibatizwa mwaka uliofuata. Hapakuwa tena na mume wa kuwazuia, kwa hiyo sheria haikuwa na neno nao. Na kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, mzee wa kanisa alisoma majina, akasoma na Petro Mbelwa. Mama Shemweta alikuwa akiinamisha kichwa na kutabasamu. Mimi nilikaa mbele, nikiwachukia wote: misheni iliyonipa sheria, jumbe na fimbo yake, Mjerumani, Mwingereza, hata Mbelwa kwa kuniachia deni nisiloweza kulilipa. Zaidi ya wote nilimchukia yule kijana aliyejua majibu.

Miaka ikapita. Mwinjilisti alizeeka, na darasa la ubatizo likaja mikononi mwangu. Jumatano moja nilifika kwenye swali la neema. Nikafungua kinywa, na jibu nililolijua tangu ujana halikutoka. Nikawaambia watu warudi mashambani. Nikaenda kwa dada yangu.

Alikuwa uani akipukuchua maharage. Nilimwambia yote, nimesimama, tangu sanduku hadi mgunga. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza aliuliza, "Maji yalikuwapo?"

"Yalikuwapo."

"Ukayafanyaje?"

"Niliyanywa, dada."

Mikono yake ilisimama. Nilitaka anipige. Nilitaka anifukuze pale uani mbele ya majirani, nami ningeona nimelipa kitu. Aliendelea na maharage mpaka ungo ukaisha, na mimi nimesimama juani. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba kesho nitamwambia Mama Shemweta kwa kinywa changu, na yeye atakaa karibu nami nikisema. Nikamwambia pia nitakwenda kwa wazee wa kanisa, jina lile lifutwe.

Hapo ndipo alipokasirika. Sijawahi kumwona vile, kabla wala baada.

"Jina usiliguse. Ulimnyima ukidhani ni lako, sasa unataka kulifuta ukidhani ni lako. Yule mtu alimwomba Mungu. Wewe ulishika kibuyu tu."

Akaingia ndani. Akarudi na kata ya maji, akaniwekea mkononi. Nikasema sitaki.

"Kunywa," akasema. "Umesimama juani."

Sikustahili yale maji, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani, na uso wake ulikuwa bado umekunjamana kwa hasira. Nikanywa.

Nimekwenda njia ya Handeni mara tatu kuutafuta ule mgunga. Wameukata, au nimesahau mahali. Dada yangu amekwisha kufa, na Mama Shemweta, ambaye hakusema nami kwa mwaka mzima, sasa hunitumia maharage msimu wa mavuno. Darasani nikiulizwa neema ni nini, huwasimulia habari za masanduku mawili, kisha nawaambia mtu aliyeyabeba hakubatizwa, na aliyemkatalia ni mimi.