Maji ya Udhu kwa Mmea Uliofunga

Mmea wenye mwili mnene ukioza kwa maji haunuki kama majani mengine. Hunuka uchachu mzito, kama kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa ndani ya ndoo, na chini ya uchachu huo kuna utamu kidogo unaokufanya ugeuze uso. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka tisa, kipupwe kile alichofariki baba. Ilikuwa ikishuka ngazi kutoka darini, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka inakutana na ubani uliokuwa ukichomwa chini kwa ajili ya wageni wa msiba. Mpaka leo, na sasa niko kidato cha nne, nikiingia nyumba iliyofiwa na kusikia ubani, pua yangu yenyewe inaanza kuitafuta ile harufu ya pili.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho jua hukipata kwa saa chache tu. Baba alikuwa fundi wa mafriji. Chini alikuwa na karakana yake, na juu kabisa, kwenye sakafu wazi ya darini ambako jua halina mpinzani, alikuwa na mimea yake. Majirani walipanda asumini na mawaridi, yeye hakuyataka. Alikusanya mimea ya ajabu ajabu, ile inayoweka maji mwilini mwake na kukaa kiu muda mrefu bila kulalamika. Mmoja ulikuwa mfano wa vijiwe viwili vilivyobanana, na mgeni akiuona alidhani kopo limejaa kokoto. Mwengine ulining'inia kama mkia wa paka aliyenyeshewa. Mwengine ulikuwa na nywele nyeupe kichwani na miba chini yake, na baba aliuita Mzee wa Barazani, kwa sababu alisema ukimkaribia kumsikiliza, lazima uondoke umechomwa. Aliwapanda kwenye makopo ya samli na masufuria mabovu aliyoyatoboa vitako kwa msumari, akabadilishana vipande kwa njia ya simu na watu wenye wazimu kama wake, wa Mombasa, wa Dar es Salaam, na wengine wa nchi za mbali ambao hata majina yao tulishindwa kuyatamka. Nasema "aliwapanda" na si "aliipanda" kwa sababu kwetu ilikuwa ni watu. Mwalimu wangu wa Kiswahili atanisamehe.

Mkubwa wao wote alikuwa Sheha. Huyu baba hakubadilishana na mtu. Tulimkuta pamoja, mimi na yeye, kule nyuma ya Matemwe, siku aliyokwenda kutengeneza friji la hoteli akanichukua nione bahari ya huko. Kazi ilipokwisha tuliiacha bahari, tukaingia uwandani, kule ardhi ilipo mawe matupu makali na kila kinachoota kinaota ndani ya shimo. Sheha alikuwa amekaa ndani ya shimo moja kama mtu aliyekaa kwenye kiti chenye mikono: kitumbo cha mviringo, kigumu, rangi ya kijivu, na juu yake vijitawi viwili vitatu vyenye majani madogo ya kuona haya. Baba alipiga magoti juu ya mawe yale mpaka suruali ikatoboka. Alisema hajapata kuona mwengine kama huyu, si kisiwani, si kwenye picha za wenzake. Tukazunguka mpaka jua likaanza kushuka, tukitafuta japo mmoja wa kufanana naye, tusipate. Jina la Sheha, kwa mfano wa mkubwa wa mtaa, alimpa njiani tukirudi. "Kakaa tu, kanenepa, hafanyi kazi," alisema, "na kila anayepita lazima amsalimie."

Kumtunza Sheha ilikuwa kazi ya kujizuia. Miezi ya joto, baba alimpa maji kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho mkono, kila Ijumaa baada ya sala. Kwanza alimbonyeza tumbo kwa kidole gumba. Likiwa gumu, hapewi kitu. Kikija kipupwe, basi, hakuna maji kabisa mpaka vuli ikaribie, kwa sababu mimea ile hulala wakati huo, na aliyelala hanyweshwi. Kwa vile nilikuwa mdogo na siku zile Ramadhani ndiyo kitu kikubwa nilichokijua, baba alinifahamisha kwa lugha yangu. "Sheha kafunga," alisema. "Nawe usije ukamfuturisha jua halijazama. Huyu ukimhurumia, ushamuua." Mimi ni mtu wa haya, nilikuwa hivyo tangu zamani, watu wakija najificha nyuma ya pazia. Darini nilikuwa nasema. Niliwaeleza mimea habari zote za skuli, na baba akijifanya hasikii.

Alifariki ghafla, kwa moyo, mchana, mlango wa karakana ukiwa wazi. Ilikuwa masika yamekwisha na upepo wa baridi umeshaanza. Mama akaingia eda. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kati, na darini hakupanda, kwa sababu hoteli ya ng'ambo ya kichochoro ilikuwa imeweka meza zake juu ya paa na wageni walituona kama wanavyoona picha ukutani. Nyumba ikajaa wanawake wa kumsomea marehemu Kurani, na msimamizi wao alikuwa Bi Zuhura, dada mkubwa wa baba, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kumsimamisha muuza samaki aliye mtaa wa pili. Hakulia hata siku moja. Alipika, alifagia, alipanga mikeka, aliwaamrisha watu. Maji ya bomba ya chini hayakuwatosha wanawake wote kutia udhu, akawapandisha darini kwenye mapipa yetu. Na Bi Zuhura alikuwa hapendi maji ya udhu yaingie mfereji mchafu. Akaweka beseni, kila mmoja atawadhe humo, na beseni likijaa wayamimine kwenye makopo ya marehemu.

"Ukiona cha kijani usikipite bure," aliwaambia. "Kitilie. Kila kilicho kibichi kinamsabihi Mola, na thawabu zinamfika mdogo wangu kule aliko."

Wakatilia. Walitilia alfajiri, wakatilia adhuhuri, wakatilia kila sala, na kila mmoja alipomimina alimtaja baba kwa jina na kumuombea. Mtu anaweza kudhani walifanya uzembe. Hapana. Sijapata kuona mimea ikipendwa namna ile. Nilisimama kwenye mlango wa ngazi nikitazama maji yakijaa mpaka ukingoni, na udongo ukibadilika rangi.

Siku ya pili au ya tatu nilijikaza. Bi Zuhura alikuwa ameshika kata, ameinama mbele ya Sheha.

"Shangazi," nikasema. "Hawa hawataki maji. Wamefunga."

"Wamefanyaje?"

"Wamefunga. Baba alisema, kipupwe wanafunga."

Akawageukia wenzake. "Mmemsikia mtoto? Mimea ya mdogo wangu ina saumu. Na daku wanakula nini, mwanangu, biriani?"

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliokaa siku nyingi bila kucheka, mwengine akakaa chini kabisa akijipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Alhamdulillahi kasema," jirani mmoja akasema. "Mie nikidhani ulimi wake kaondoka nao babake." Bi Zuhura akanishika kidevu, akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Basi kama wamefunga," akasema, "mwenye kumfuturisha aliyefunga ana ujira wake. Njoo, tumfuturishe sote." Akamimina kata yote kwa Sheha, taratibu, akisoma. Nilitaka kusema tena, lakini macho yao yote yalikuwa juu yangu, nikashuka ngazi.

Nikamwendea mama. Alikuwa amekaa kitandani na nguo zake nyeupe, ameshika tasbihi bila ya kuihesabu. Nikamwambia wanawaua mimea ya baba.

"Nnajua," akasema.

"Basi wakataze."

"Shangazi yako hajalia tangu mazishi, Thureya. Akimaliza kutilia yale makopo ndiyo anapata kulala. Unataka nimwambie nini? Kwamba anamuua tena?"

Nikamchukua Sheha na kopo lake, nikashuka naye ngazi zote nimemkumbatia, maji yakinichuruzika tumboni, nikamficha karakanani chini ya meza ya baba, kati ya mota mbovu. Nilijua anahitaji jua, lakini nilifikiri akae kavu kwanza, jua litakuja baadaye. Bi Zuhura alimkuta alipokwenda kufagia. Nikamsikia kutoka juu: "Maskini ya Mungu, nani kamtia huyu kizani?" Akampandisha mwenyewe, akihema kila ghorofa, na kwa kumtaka radhi kwa ile kiu akampa beseni zima.

Wa kwanza kwenda walikuwa wale mfano wa vijiwe. Walipasuka kama zabibu. Mzee wa Barazani alilegea upande mmoja akawa mweusi. Hapo ndipo ile harufu ilipoanza, na wanawake, kwa kuona mimea inanyauka, wakazidisha maji. Mimi kila asubuhi kabla ya skuli nilimbonyeza Sheha kwa kidole gumba. Alikuwa mgumu. Akawa mgumu. Halafu asubuhi moja kidole kikazama mpaka kwenye kucha, kikatoka na ute, na kitumbo kile kilichokaa miaka mingapi sijui ndani ya jiwe kikainama na kumwagika juu ya kopo kama uji. Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu na kata yake. Aliiweka chini. Akachutama, akaanza kuukusanya ule ute kwa viganja vyake viwili, akitaka kuurudisha ulipokuwa, na ukampita kila penye nafasi ya vidole. "Kamfuata," akasema. "Kamfuata mwenyewe." Ndipo akalia. Alilia mpaka watu wa hoteli wakasimama kwenye meza zao kututazama.

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa kwetu sasa: mimea ya baba ilikufa kwa huzuni ya kumpoteza. Bi Zuhura anaisimulia kila Idi, na kila mwaka inazidi kupendeza. Mama ananitazama, mimi natazama sahani yangu. Shangazi amezeeka, miguu imemvimba, na hadithi hiyo ndiyo kitu kizuri alichobakiwa nacho cha ndugu yake. Sitamuondolea. Lakini huwa najiuliza, mimi nimebakiwa na kipi? Nnajua kiasi cha maji, nnajua majira, nnajua udongo uchanganywe na mchanga gani na kokoto za mawe gani. Nimesomea maisha ya kiumbe ambaye hayupo. Na mara nyengine linakuja wazo baya zaidi, kwamba pengine alikuwa mmoja tu kweli, na sisi ndio tuliomtoa shimoni.

Mwaka jana nilikwenda kuangalia. Nilimuomba binamu yangu anipeleke kwa pikipiki. Uwanda ule umesawazishwa, mawe yamesagwa, pana ukuta mrefu mweupe na lango, na ndani yake nyumba za kukodi zenye bwawa la kuogelea. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Tungemuacha, angesagwa pamoja na mawe. Nilidhani kulijua hilo kutanipa nafuu.

Laini ya simu ya baba ninayo mimi. Wale wenzake wa mbali bado huandika, mmoja mmoja, hawajui au wamesahau kwamba kafariki, wanauliza yule mmea wa kijivu wa Unguja yu hai, na ulitoka wapi hasa. Baba alikuwa hamwambii mtu pahala pale. Alihofu watakuja na majembe, na hata picha aliyopiga siku ile na kuwapelekea aliikata pembeni ili mnazi wa karibu usionekane. Sasa hakuna tena cha kuchimba, na wakiniuliza nawaelekeza wote: pita kijiji, shika njia ya mawe, ukiona mnazi uliopinda geuka kushoto. Nawaandikia kila kitu, mpaka lilipokuwa shimo.