Sahani ya buji ya Yaya Mwadi

Harufu ya buji, ile uji ya bunga ya mahindi na karanga, ikitoka ku moto, mate inanijaa mu kinywa, na haya inanikamata palepale. Bajikulu, batoto ba batoto yangu, banacheka: "Kambo, buji inakufanya nini?" Ngoja nibaambie.

Nilikuwa mutoto mudogo, tumbo mbele, meno ya mbele hakuna. Yaya Mwadi, dada yangu mukubwa, alishakuwa msichana, anasoma sekondere. Barafiki yake balikuwa banamuchekelea: "Mama-kilo, weye munene, jupe itapasuka ku kiuno!" Sasa asubuyi, Mama akishatuwekea buji, anaenda kufunga mizigo yake ya soko. Yaya anasukuma sahani yake kwangu. "Kula mbio. Usiseme." Miye kusema? Nililamba mpaka sahani ikang'aa! Mbele ya kutoka, Mama alikuwa anaangaria sahani yetu yote mbili. "Muzuri, batoto banakula."

Pole pole Yaya akaanza kusikia kizunguzungu. Midomo myeupe, mikono baridi. Siku moja akaanguka ku robine ya maji na ndoo yake. Bamama ba jirani bakaanza: "Binti wa ile miaka, anaanguka asubuyi? Ile ni mimba!"

Mama akamukamata mukono. "Ya nani?"

"Mama, ni njala. Buji sikulake. Huyu ndiye anakulaka yangu."

Mama akaniangaria. "Ni kweli?"

Fimbo ilikuwa karibu. Na buji ya kesho, niliiwaza pia.

"Hapana, Mama. Anakulaka yote."

Bakamutuma mbali, Pweto ku ziwa, kwa tantine, mudogo ya Mama, juu ya kuficha haya. Tumbo ya mimba, bakaingojea, haikukuja. Munganga wa kule akasema tu: damu iko kidogo, binti hakulake muzuri. Alipona, bwana, lakini masomo ilishaenda bila yeye. Akabakia kule, anakausha samaki. Mpaka leo ananitumiaka samaki ya mikubwa: "Kula, mudogo wangu, weye unapendaka kula."

Utoto wangu wote nilikuwa nawaza Yaya ananipa buji juu ananipenda sana. Kumbe ilikuwa nguvu yake nilikuwa nakula, kijiko kwa kijiko, nacheka.

Leo asubuyi mujikulu wangu, ule anasoma ku université, akanisukumia sahani. "Kambo, niko mu régime, nataka kukonda. Kula weye, hakuna mutu ataona."

Buji ilikuwa inanukia! Nikamurudishia, nikakaa mbele yake, mikono yangu nikaikalia mpaka akamaliza.