Malkia wa Sebuleni kwa Karani

Karani mmoja wa bomani hapa Njombe alinunua picha ya zamani mnadani kwa Mzungu aliyekuwa akirudi Ulaya, akaitundika sebuleni. Jumapili nilikwenda kuitazama. Nyuma ya kioo, malkia aliyevaa nguo nyeusi ameketi, na mawaziri wenye makoti meusi wamemwinamia. Ukungu uliokuwa ukiingia dirishani uliwafanya waonekane kama wanapumua.

Mara mama yake karani akaingia, ametoka kijijini Kichiwa. Aliitazama picha kwa muda, akavua viatu, akaketi sakafuni na kushika tama, kama wafanyavyo akina mama wa huku wakifika msibani.

"Poleni, wanangu. Kafa nani?"

Karani akacheka. "Hakuna msiba, Mama. Huyo ni malkia wa zamani wa Waingereza. Mawaziri wanamweleza habari za nchi za mbali."

"Mbali wapi?"

Kicheko kikamwishia mdomoni. "Kama huku kwetu, Mama."

Mama hakuinuka. "Basi sikukosea kukaa chini."

Mwandishi wenu nilikuwa kitini, tena kile chenye mto. Nikatua kikombe cha chai polepole, nikashuka sakafuni.