Nilitapisha Choo Kabla ya Mvua

Mdogo wangu wa kike haniamkii. Tunaishi nyumba moja hapa Manzese, nyumba ya marehemu baba iliyogawanywa kwa ukuta, mimi upande wa juu wa mteremko na yeye upande wa chini. Akinikuta uchochoroni hunipita kama anavyoipita nguzo ya umeme. Kosa ni langu, ingawa kwa muda mrefu nililitupia mawingu.

Asiyeishi huku kwetu huenda hajui habari ya kutapisha. Gari la kunyonya maji taka haliingii vichochoroni. Kwa hiyo shimo la choo likijaa, mtu husubiri mvua kubwa, hutoboa ubavu wa shimo, na uchafu huondoka na maji mpaka mtaroni, na kutoka mtaroni mpaka kwa watu wengine. Kila mtu anajua, wengi wanafanya, hakuna anayesema. Sharti ni moja tu: usitoboe kabla mvua haijashika.

Mwezi wa tatu ule shimo langu lilikuwa limefika kwenye mfuniko, na masika yalikuwa yamechelewa. Ndipo redio ikatangaza kimbunga baharini, upande wa Madagaska. Simu za watu zikajaa ujumbe wa kutisha. Dada yangu huyo alikuwa akikaanga vitumbua mlangoni kwake, kama kila asubuhi. Jiko lile ndilo lililowalisha wajukuu zake watatu na kuwapeleka shule. Akasema atawapeleka Goba kwa binti yake, huko vilimani, mpaka kimbunga kipite.

"Kimbunga hakifiki Dar," nilimwambia mbele ya wateja wake. "Tuko karibu mno na ikweta. Upepo hauwezi kujizungusha mpaka ukawa kimbunga bila kupindwa na mzunguko wa dunia, na huku kwetu nguvu hiyo ni ndogo. Ungesoma ungejua."

Ungesoma. Baba alinisomesha mimi mpaka kidato cha nne. Yeye aliachishwa shule ili amuuguze mama. Nilijua ninapopiga.

"Haya, mwalimu," alijibu huku akigeuza kitumbua. "Na mvua nayo imesoma?"

Wateja wakacheka. Badala ya kunyamaza nikaanza kufundisha. Nikawaambia kwamba pepo za kaskazini na za kusini hukutana kwenye ukanda mmoja, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kumwaga maji. Ukanda huo hulifuata jua, na mwezi wa tatu unatupitia sisi. Sasa ongeza kimbunga jirani: chenyewe hakitafika, lakini mawingu yake lazima yatufikie. "Kesho ni mvua ya kufa mtu," nikamaliza.

Kuhusu kimbunga sikuwa mbali sana na ukweli. Kufika kwake huku ni nadra, ingawa si muhali. Kuhusu mvua nilikuwa najitungia. Jioni ile redioni mtabiri alieleza kilipo kimbunga, kisha akasema, "Hata hivyo, kwa mikoa ya pwani ya kaskazini..." Nikazima. Nilidhani ninajua kinachofuata.

Kesho yake alasiri mbingu iliiva, nyeusi kabisa. Nikawaita watu wawili wanaofanya kazi hiyo. Mmoja akatazama juu.

"Mzee, tungoje ishike kwanza."

"Nimekuita mie, au yamekuita mawingu?"

Akainua sururu. Uchafu ukatoka, ukateremka na uchochoro, na kwa kuwa hakukuwa na maji ya kuusukuma, ukatuama pale palipo chini kuliko pote. Ni mlangoni kwa dada, mbele ya jiko.

Mvua haikunyesha. Kufikia magharibi mawingu yalikwisha kutawanyika, na asubuhi jua likatoka kali kama la Januari. Baadaye nilielewa yale ambayo mtabiri alikuwa anayafikia nilipozima redio. Kimbunga kikikaa mahali fulani baharini huvuta hewa kukielekea. Unyevu ambao ungekuja kwetu ulikwenda kukilisha chenyewe, na sisi tukabakiwa na hewa kavu na joto.

Dada alitoka na ufagio na ndoo ya majivu.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Mvua itakuja tu."

"Sikuuliza mvua. Nimeuliza hiki."

Nikapanda kwangu. Siku zilizofuata harufu ilipanda mpaka barabarani. Vijana wa gereji wakawa wananipigia kelele, "Shikamoo, mzee wa utabiri! Leo inanyesha mvua, au ile nyingine?" Nikawatukana mama zao, mtu mzima na ndevu zangu, nao wakafurahi zaidi.

Kisha akaja bwana afya, kitambaa puani.

"Choo cha nani hiki?"

Majirani walitazama chini, maana kila mmoja alikuwa na shimo lake na masika yake. Dada akanitazama mimi. Hakuninyooshea kidole. Angeweza, lakini aliniachia niseme mwenyewe.

"Afisa," nikasema, "uchochoro huu una vyoo vingi."

Bwana afya hakubishana. Aliliona jiko, akaliona dimbwi, akaamuru chakula kisiuzwe tena pale mpaka pasafishwe na yeye aje kupakagua. Alipoondoka, dada alichukua sufuria la mchanganyiko wa vitumbua uliokwisha kuumuka, akapanda mpaka kwangu, akaumwaga wote kwenye kizingiti changu.

"Na huu nao utapishe."

Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kesho yake nikakiri. Faini nilitoa. Nikazoa kwa koleo na kwa mikono, nikamwaga chokaa, yeye akinitazama dirishani.

"Nilikosea," nikamwambia.

"Kwenye mvua ulikosea. Kwangu hukukosea, ulijua."

Maneno yale nimeyageuza kila upande, na kila upande ni kweli.

Kimbunga kilipokufa huko baharini, pepo zilirudi kuvuma kama kawaida na masika yakaja kwa nguvu. Mtaa mzima ulitapisha. Dada aliruhusiwa kurudisha jiko, lakini wateja wake walikuwa wamekwisha kuzoea kwingine, na waliokumbuka lile dimbwi hawakutaka hata kupita. Sasa hukaangia ndani, hubeba beseni kichwani na kwenda kuuza karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, juani, akiwa na miguu yake inayovimba.

Mwezi uliopita nilikwenda huko. Nilivaa vizuri, nikapanga foleni kama mteja mwingine. Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Nipe vinne, mama," kwa sauti ya heshima. Akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu. Kisha aliyekuwa nyuma ya huyo. Mtu mmoja akasema, "Mama, huyu mzee ametangulia." Dada akafuta mikono kwenye kanga, akamuuliza, "Mzee yupi?"

Nilisimama pale mpaka beseni likabaki tupu. Akalikung'uta makombo, akalipachika kichwani, akaondoka.