Dalali Aliyempa Daktari Mgongo

Sokoni Bisil kila mtu anajua kwamba Dirie hanunui ng'ombe kabla ya kumpa mwenyewe mgongo. Atapapasa nundu ya fahali, atamfungua mdomo atazame meno, ataguna, halafu ataondoka zake kama mtu aliyekumbuka kuwa ana wageni nyumbani. Hageuki nyuma. Muuzaji akishafikiria ile njia ndefu ya kumrudisha fahali bomani kwa miguu, humwita: "Dirie, rudi, tuongee." Hapo ndipo biashara huanza. Kwa mgongo huo alisomesha watoto sita, akajenga nyumba ya mawe Kitengela, na akajiona amewamaliza binadamu wote kwa kuwajua.

Basi mwaka mmoja, masika yakikaribia, akampa mgongo mtu asiyefaa kupewa.

Mtu huyo ni Daktari Wahome, ambaye kliniki yake iko papo hapo Kitengela. Alikuwa amempima Dirie damu, akampeleka kupigwa picha, kisha akaagiza atolewe vipande vidogo vya nyama vikachunguzwe. Siku ya majibu hakuzunguka.

"Mzee Dirie, uko na saratani ya tezi dume. Lakini tumeiwahi. Bado ni ndogo, na iko upande mmoja tu."

Dirie aliuweka uso vile anavyouweka sokoni. Daktari akaendelea. Kulikuwa na oparesheni ya kuiondoa tezi yote. Kulikuwa na mionzi. Na kulikuwa na njia mpya zaidi: mawimbi makali ya sauti yanapitishwa kwa njia ya haja kubwa, yanakusanywa mahali pamoja mpaka pale penye uvimbe panaungua, na tezi iliyobaki inaachwa salama. Hiyo angemwandikia aende India.

"Na mkojo?" Dirie aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa limemkaba. Imamu wa msikiti wa mtaani kwao akisafiri, Dirie ndiye huswalisha. Alijua fika kwamba dini imemwekea mgonjwa anayevuja mkojo ruhusa yake, lakini aibu haijui ruhusa. Alijiona amesimama mbele ya safu, kanzu imelowa, na wanaume wote nyuma yake. La kitandani hata kuliuliza alishindwa.

Daktari alimjibu yote mawili. "Kwa oparesheni, hatari ya kuvuja iko juu, na mambo ya chumbani pia yanaweza kuharibika. Kwa hii ya sauti hatari iko chini. Lakini sehemu ya tezi inabaki, na saratani inaweza kuanza tena pale. Itabidi tukupime maisha yako yote."

"Kwa hivyo uko na yenye inavuja, na yenye inarudi."

"Hata baada ya oparesheni inaweza kurudi, mzee. Hakuna yenye naweza kukuapia."

Dirie akasimama, akatengeneza kofia yake. "Basi hakuna moja naitaka."

Alitembea polepole kuelekea mlangoni. Alisikia daktari akisema, "Fikiria, lakini usikawie. Hii ya sauti inakufaa ikiwa ugonjwa bado uko upande mmoja." Dirie akatabasamu kidogo. Kila muuzaji husema kuna mnunuzi mwingine yuko njiani. Alikuwa na hakika kwamba daktari ana dawa bora zaidi ameificha nyuma ya boma, na kwamba ataitwa aonyeshwe.

Hakuitwa. Masika yakanyesha yakaisha, nyasi za Kajiado zikaota zikakauka, na simu ya Wahome haikuja. Dirie hakuumwa popote. Alikula vizuri, alilala vizuri, na kila alipojisikia mzima alijiambia kwamba anayengoja zaidi ndiye anayeshinda. Hata hivyo simu haikumtoka mkononi. Ikilia, anatoka nje kuipokea. Siku moja ililia katikati ya swala, naye ndiye huwafokea vijana kwa kosa hilo, na kumbe ni mtu wa Bisil anauliza habari ya kondoo. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli kwamba daktari hatampigia. Akaogopa, lakini kupiga yeye, hapana. Anayepiga kwanza ameshindwa.

Mkewe Naimo aliyaona hayo yote, akafikia uamuzi ambao mke yeyote angeufikia.

"Baba Najah," alimwambia asubuhi moja, chai ikiwa bado motoni, "huyo mwanamke unangojea simu yake ni wa wapi?"

"Hakuna mwanamke."

"Basi ni nani?"

Dirie alitazama kikombe kitupu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake lilikuwa limejaa. "Ni daktari," akasema, na yote yakamtoka.

Naimo ni binti wa mfanyabiashara wa mbuzi wa Garissa. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Ulimpa daktari mgongo," alisema taratibu. "Na ugonjwa uko ndani yako. Sasa nani alikuwa arudi na ng'ombe nyumbani, kama si wewe?" Akazima jiko, akachukua buibui, na siku hiyohiyo wakawa kliniki.

Damu ilipimwa upya, picha ikapigwa upya, nyama ikatolewa tena. Siku ya majibu waliketi wote wawili mbele ya Wahome.

"Imeshika pande zote mbili. Haijatoka nje ya tezi, na hiyo ni habari njema. Lakini ile ya sauti haikufai tena. Mimi ningesema oparesheni."

"Nilikuwa nangoja unipigie," Dirie alisema.

Daktari alishangaa. "Mzee, uliniambia huitaki. Ningekupigia nikwambie nini?"

Dirie akavua kofia yake, akaishika mkononi.

"Akifanyiwa, atapona?" Naimo aliuliza.

"Nafasi bado ni nzuri, mama."

"Na mkojo?" Dirie aliuliza, sauti ikiwa ndogo.

"Mwanzo utavuja. Wengi hukauka baada ya miezi. Wengine huvuja kidogo mpaka mwisho. Siwezi kukuahidi."

Dirie alitazama mlango. Naimo alimwona akiutazama, akaweka mkono juu ya goti lake, mbele ya mwanamume mgeni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mwandike, daktari," alisema. "Nimefua nepi za watoto wake sita. Akilowa, nitafua na zake."

Dirie akajifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Daktari Wahome akangoja mpaka alipotulia, ndipo akavuta fomu ya oparesheni, akamuuliza jina lake kamili.