Mkono wa Mama Mitutu

Kituoni tunamwita Mama Mitutu, na ghala la silaha analitawala kama jiko lake. Shotgani zetu za kukoki kwa kuvuta zina umri mkubwa kuliko askari wengi, lakini akishazipangusa zinateleza kama zimetoka kiwandani jana. Kinachozikwamisha anakijua: askari akiingiwa na hofu huvuta nusu, ganda tupu la risasi halitoki, na lawama hutupiwa bunduki kwa kuwa haina mdomo wa kujitetea.

Juzi sajini alirudi kutoka mazoezini amefura, akaibwaga yake kaunta mbele ya vijana wake. "Mbovu hii. Imenikwamia tena."

Mama Mitutu akaikoki, akaisikiliza. "Kweli afande, ina tatizo. Niachie."

Vijana walipotoka akamwita sajini nyuma ya rafu, akaweka kiganja chake juu ya cha mwenzake, wakavuta pamoja hadi mwisho. Mimi, msaidizi wake ghalani, nikajifanya nahesabu makufuli. "Ukiogopa, baba, ndiyo uvute zaidi," alimwambia. Wakarudia mpaka sajini akalowa jasho.

Asubuhi, kwenye gwaride, akamkabidhi bunduki ileile. "Nimeshaitengeneza, afande," alisema, kwa sauti iliyomfikia hata aliyesimama mwisho wa mstari.